Kiingereza cha Chumba cha Kufulia

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu: tambulisha wanafunzi wako na darasa lako kwa video isiyozidi dakika tatu. Kozi ilikuwa ya mtandaoni, ya wiki nane, ya walimu wa Kiingereza, na tulikuwa thelathini na mmoja. Niliifungua Jumatano wakati mwanangu ananyonya, simu mkono mmoja, kichwa chake mkono wa pili, na kabla hajahamia titi la pili nilikuwa nimeshaona madarasa manne ya wenzangu. Madawati yamepangwa nusu duara. Ramani ukutani. Kona ya vitabu yenye zulia. Mwalimu mmoja alikuwa na chungu cha maua mezani, na alilitambulisha ua kwanza, wanafunzi baadaye.

Darasa langu mimi ni chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, chini ya jiko. Kuna mashine tatu za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi kubwa ya mviringo ambayo shuka huingia upande huu limekunjamana, likatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Katikati kuna meza ndefu ya kukunjia. Hilo ndilo dawati letu, na tunalitumia tukiwa wima. Ubao wetu ni boksi la sabuni lililopasuliwa, tunaandika upande wa ndani. Likijaa tunapasua jingine. Hoteli inaweza kukosa vingine, sabuni haikosi.

Wanafunzi wangu ni saba, wote wafuaji na wakunjaji, na mimi ni mkunjaji mwenzao. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano. Niliimalizia kwenye masomo ya jioni, miaka minne, na mtihani wa mwisho niliufanya tumbo limefika mezani kabla yangu, nikaandika kwa mkono ulionyooka. Kiingereza nilikipata huko. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi wenzangu wakasema, basi usile peke yako. Msimamizi wetu akatupa nusu saa ya mwisho ya zamu ya asubuhi, kuanzia saa saba, kwa sharti moja: mikono isisimame, na mashine zisizimwe. Alisema mashuka hayajui darasa.

Kwa hiyo tunajifunza tukikunja. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili. Mnasimama mbali, kila mtu na ncha zake mbili, mmoja anauliza kwa Kiingereza, mwenzake anajibu, mnasogeleana kuunganisha ncha, mnarudi nyuma, mnauliza tena. Shuka moja, maswali manne. Siku ya wageni wengi tunafika mashuka arobaini. Hili sikulitoa kwenye kitabu chochote. Nililianzisha ili msimamizi akichungulia dirishani aone mikono inakwenda.

Ijumaa nikaegemeza simu kwenye chupa ya dawa ya kulainisha nguo, nikarekodi. Nikamtambulisha kijana tunayemwita Kamusi, kwa sababu kila neno anataka ndugu zake wote. Nikamtambulisha mzee wa pasi, ambaye amebakiza mwaka mmoja kustaafu na anasema anasoma ili apate cha kuwaringia majirani. Kwa dakika nzima ya mwisho nikamtambulisha Mama Pacha.

Mama Pacha ndiye mwanafunzi wangu bora, na si mimi niliyemfanya bora. Ana miaka tisa katika chumba kile. Pacha wake wana miaka kumi, na kwa zamu zetu za usiku, wiki mbili katika kila mwezi wanalala wenyewe, mlango umefungwa kwa ndani, jirani akiwasikilizia ukutani. Mwezi ule hoteli ilitangaza nafasi ya mapokezi, zamu ya mchana peke yake, na ikasema wafanyakazi wa ndani wanaweza kuomba. Mama Pacha aliomba. Usaili ulikuwa Alhamisi ifuatayo, saa nne. Alikuwa na daftari la sentensi mia tatu na zote alizijua, kuanzia kumkaribisha mgeni hadi kumwambia mgeni huyohuyo, kwa adabu, kwamba hawezi kuondoka na taulo.

Niliituma video nikiwa na furaha. Acha wenye maua wawe na maua yao.

Jumapili asubuhi nikakuta maoni tisa. Manane yalisifu mashuka. Mmoja wao aliuliza kama anaweza kujaribu na darasa lake kwa kutumia vitambaa vya meza. La tisa lilitoka kwa yule mwalimu wa ua. Aliandika kwamba wanafunzi wangu wanapendeza na matamshi yao ni mazuri, kisha akaongeza kwamba anauliza kwa nia njema: je, kuna jambo limewaudhi? Kwa nini wote wanapiga kelele, na mwalimu wao pia?

Nilicheka kwanza. Kisha nikaicheza video bila spika za masikioni, sauti ikiwa wazi.

Mama mkwe wangu alikuwa nje ya mlango akianua nepi. Akaingiza kichwa. "Hao wanagombania nini?"

"Hawagombani, mama. Wanaulizana kama wamelala salama."

Akaja akakaa, akatazama yote hadi mwisho, nepi mapajani. Akasema hata mimi nikizungumza Kiingereza ndani ya nyumba huwa kama mnadi wa mitumba, na yeye muda wote huo hakusema kitu kwa sababu alidhani ndivyo lugha yenyewe inavyosemwa.

Nyani haoni kundule. Mwaka mzima nimesimama katikati ya mashine tano, nikiita sentensi kutoka upande mmoja wa shuka, nikiitikiwa kutoka upande wa pili, na kila mtu akipaza ili asikike. Simu, kumbe, ilikuwa imewekwa karibu na vinywa vyetu. Ilichukua makelele yetu na kuuacha mngurumo nyuma. Mama Pacha kwenye ile dakika yake ya mwisho alikuwa amesimama wima, uso mzuri, akimwuliza mgeni wa kufikirika kama angependa kubebewa mzigo. Mtu asiyejua angedhani anamfukuza.

Zilibaki siku nne.

Jumatatu sikumwambia. Nilijaribu ujanja. Nilianza darasa kwa kuwaomba wote tuongee kwa sauti ya chini, na mashine zikatumeza. Kamusi akaniuliza kama koo linauma. Mzee wa pasi, ambaye hakusikia swali lakini hakutaka kuonekana hakusikia, akajibu "ndiyo, asante" kwa kila kitu. Mama Pacha alikuwa ananitazama. Saa saba u nusu alinifuata kwenye makabati ya kubadilishia nguo.

"Mwalimu, una neno. Umelikunja tangu asubuhi."

Nikampa simu. Nilitaka kumweleza kwanza, mdomo ukaniwia mzito, basi nikaona aone mwenyewe. Kule kwenye makabati kumetulia. Alijitazama kwa dakika ile nzima bila kupepesa. Ilipokwisha akairudisha nyuma, akajitazama tena.

"Ndiyo maana," alisema.

Akanisimulia. Mwezi uliopita alikutana na mgeni ghorofa ya pili, mzee wa watu, amepotea. Mama Pacha akamsalimia kwa Kiingereza na kumwuliza amsaidieje. Yule mzee alirudi nyuma hatua mbili na kuinua mikono yote miwili. Mama Pacha alikwenda nyumbani na kukesha na daftari akitafuta alipokosea sarufi.

Alikaa kwenye benchi, akavua viatu vya mpira, akaviweka sambamba. Alisema atakwenda kuliondoa jina lake kabla ofisi haijafungwa. Bora asiende kuliko aende akawaamshe wakubwa waliolala. Alilisema kwa utani, lakini alikuwa ameshasimama.

Nilimwambia jina aliache pale lilipo. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha kwa kupiga kelele, na kama ni kuliondoa jina basi aanze na la kwangu la ualimu. Aje kwangu leo saa tisa alasiri, baada ya kula. Mwanangu hulala saa tisa, na akilala hata kikombe tunakiweka chini kwa mikono miwili.

"Sasa tutasomaje na mtoto amelala?"

"Ndiyo nasema hivyo," nikamjibu. "Tutasoma amelala."

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko dogo. Mtoto hulala kitanda cha chumba cha mbele, nyuma ya mito, na sisi tuliketi mkekani, ubavuni mwake. Kanuni ilikuwa moja tu. Sentensi ikimwamsha, imeshindwa.

Jumatatu ile sentensi ya kwanza ilimwamsha. Ya pili alikuwa ameshaamka, hivyo hatukuihesabu. Nilimbembeleza, akarudi usingizini, tukaanza tena, na hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Mama Pacha akishusha sauti, Kiingereza kilishuka nayo na kupotea. Sentensi aliyoijua kama jina lake ilikatikia njiani. Alijifunza kila neno pamoja na nguvu ya kulirusha. Ukimwondolea nguvu, neno halikujua litoke vipi. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alikwenda zake saa kumi na nusu bila kunywa hata chai niliyompikia.

Jumanne nilileta shuka. Tulisimama pande mbili za kitanda, mtoto katikati yetu chini, tukalikunja na kulikunjua shuka lilelile juu yake, nami nikauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa deni la usingizi. Mikono yake ilipopata kazi maneno yalirudi. Si yote. Sita, saba, kisha moja likapanda ghafla kama jogoo, na mtoto akajikunja, tukaganda wote wawili na shuka hewani mpaka pumzi yake ilipotulia.

Mama mkwe akaona hatuwezi peke yetu, akajipa kazi. Alikaa kwenye kiti kando ya mlango akawa mgeni wa hoteli. Kiingereza hajui hata salamu, lakini alisema masikio anayo. Akimsikia Mama Pacha vizuri bila kuinama, anatikisa kichwa kukubali. Akilazimika kuinama, anainua kidole juu. Sauti ikizidi, anaziba masikio. Na kwa kuwa mgeni lazima aombe kitu, akaanza kuomba, kwa Kiswahili, kwa mnong'ono, huku mimi nikitafsiri. Kwanza aliomba chumba chenye dirisha. Kisha aliomba maji ya moto.

"Mwulize kama kuna chumba kisicho na mkaza mwana," akasema.

Mama Pacha aliuma shuka asicheke. Kisha akamjibu, kwa Kiingereza kizima, laini, kwamba kwa bahati mbaya vyumba vyote leo vina mkaza mwana mmoja, lakini asubuhi kuna kifungua kinywa bila malipo. Mama mkwe akatikisa kichwa. Mtoto hakugeuka. Ilikuwa ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunitungia, na haikuwamo kwenye daftari.

Jumatano mtoto alikataa kulala.

Jino lilikuwa linachomoza. Tangu saa nane alikuwa analia, anatafuna kidole changu, anakitema, analia. Saa tisa Mama Pacha alipogonga hodi nilimwambia leo hakuna darasa, na usaili ni kesho, na nilikaribia kulia mimi mwenyewe. Mama mkwe alimchukua mtoto, akamwita mume wake, kama bibi anavyomwita mjukuu, akamwuliza ni nani huyo aliyemwudhi mume wake. Mume alizidi kupiga kelele.

"Nipe," Mama Pacha akasema. Alilea wawili kwa mpigo, mmoja kwake ni mchezo. Alimlaza kwenye mkono, uso kwa uso, akasogeza kinywa karibu na sikio lake, na sijui kama alifikiri au alisema tu kilichokuwa juu ya ulimi siku ile. Alimwambia kwa Kiingereza: karibu sana. Umesafiri salama? Chumba chako kiko ghorofa ya tatu. Pole sana kwa usumbufu. Nitalishughulikia sasa hivi.

Mtoto alinyamaza ili asikie. Alimtazama mdomo. Mama Pacha hakuharakisha. Alimaliza sentensi, akangoja uso ule mdogo, akatoa nyingine. Alimweleza saa za kifungua kinywa na mahali pa kuacha ufunguo. Shuka tulilisahau juu ya kiti. Alipofika kwenye mizigo jicho moja lilikuwa limefumba, alipofika kwenye taulo, la pili likafuata, na Mama Pacha akaendelea hadi sentensi ya mwisho ya daftari kwa sababu alisema si vizuri kumwacha mgeni njiani.

Hatukusifiana. Alinywa chai, akaenda zake kuwapikia pacha.

Alhamisi saa nne nilikuwa mezani nikikunja foronya, na nilizikunja vibaya, msimamizi akanirudishia rundo zima. Mzee wa pasi aliniambia niache kutazama ngazi, ngazi hazifanyi usaili. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nikawa najiambia kama ingekuwa mbaya angeshashuka, kisha najiambia kama ingekuwa mbaya asingetaka kushuka.

Alishuka saa saba kasoro dakika kumi, amevaa blauzi nyeupe ya dada yake, na kabla ya kusema lolote alivaa aproni. Tulishika shuka yeye na mimi. Alinisimulia kwa Kiswahili, kwa kelele za kawaida za chumbani, na wengine sita wakakunja karibu nasi zaidi ya inavyohitajika.

Walikuwa watatu mezani. Maswali ya mwanzo yalikwenda. Moja hakulielewa, akaomba lirudiwe, likarudiwa, akalijibu. Kisha meneja akamwambia sasa yeye ni mgeni, amekuta chumba kichafu, na papo hapo akapiga meza kwa kiganja na kufoka.

"Sauti ya huku chini ilipanda mpaka hapa," Mama Pacha akasema, akijigusa koo. "Nilikuwa nayo. Ningemwita mpaka jikoni wangesikia."

"Ukafanyaje?"

"Nikamtazama usoni nikaona na yeye jino linamwota. Nikamwambia pole, bwana, nitalishughulikia sasa hivi. Nikangoja. Akafoka tena. Nikamwambia tena vilevile, pole pole, nikamtajia chumba kingine na ghorofa yake."

"Na yeye?"

"Akashusha sauti."

Hawakumwambia kitu zaidi ya kwamba majina yatabandikwa Jumamosi. Kamusi akataka kujua neno gani hasa alitumia kwa kushughulikia, na kama lina ndugu.

Jioni ile nilimjibu mwalimu wa ua. Nilimwandikia kwamba hakuna aliyeudhika, ni mashine, na mwalimu wao hakuwa na habari, na namshukuru kwa kuuliza maana wengine wanane walisikia wakanyamaza. Ijumaa nikamwomba msimamizi atuachie dakika kumi za mwisho za darasa kwenye stoo ya mashuka, mlango umefungwa, palipo kimya. Aliuliza kama mikono itasimama. Nikasema ndiyo, dakika kumi, itasimama. Alifikiri, akasema tufunge mlango vizuri basi, asituone.

Jumamosi sikuwa na zamu. Nilikuwa namwogesha mtoto, nina povu hadi kwenye viwiko, mama mkwe akaichukua simu na kuisoma herufi kwa herufi kama anavyosoma, na nikawa nataka kumpokonya. Ujumbe ulisema: wamenichukua, miezi mitatu ya majaribio, zamu ya mchana, naanza Jumatatu. Chini yake ulisema: pacha wanakusalimu wewe na mgeni wa ghorofa ya tatu.

Jumatatu saa sita na dakika ishirini simu ya ukutani ya chumba cha kufulia ililia. Nilikuwa karibu nayo kuliko wengine. Nikaiweka sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kiganja, na mwanamke mmoja akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hapa ni mapokezi, na chumba mia mbili na nne kinaomba taulo mbili.

Furaha ilinipanda kichwani. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa nguvu zangu zote, kwamba ndiyo, mara moja, zinakuja.

Kisha akasema kwa Kiswahili, chini chini, "Mwalimu, shusha. Wageni wamegeuka kuitazama simu."

Nikasema samahani.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Akaniambia bado. Nikasogeza mdomo karibu, nikavuta pumzi, nikasema mara ya tatu, polepole, hadi aliporidhika, na ndipo akakata simu, nami nikazichukua taulo nikapanda nazo.